Nyumba ya Shangazi, Gereji ya Baba

Kwetu ukisema gari liko gereji, hakuna anayedhani limelala. Watu watakupa pole. Neno lenyewe ni la Kifaransa, na huko lilianza kama jina la mahali pa kuhifadhia gari. Sisi tulilichukua tukalipa kazi. Mahali pa kulaza gari tunapaita pakingi. Gereji ni mahali pa oili, nyundo na fundi anayekuambia "kesho" huku akijua ni Alhamisi ijayo.

Nimeliwaza neno hili tangu Januari, shangazi yangu alipopiga simu kutoka Nakuru na kumwambia babangu kwamba anataka nyumba yake ya Buruburu irudi kuwa nyumba. Amestaafu kitambo, magoti yanamsumbua, ameamua ama arudi kuishi Nairobi ama auze. Shida ni kwamba mbele ya hiyo nyumba, pale ilipokuwa pakingi, babangu ametengeneza magari tangu 1994. Kuna shimo la kukagulia magari chini. Kuna paa la mabati. Kuna vijana wawili na foleni ya Probox. Mimi nilizaliwa nikalikuta hilo shimo.

Baba aliniita. "Wewe si huandika?" akasema. "Mwandikie shangazi yako. Mweleze hii gereji ni nini." Alisema "huandika" kwa ile sauti mzazi hutumia akitaja kazi isiyo na ofisi. Nikakubali. Nikaanza barua, nikaona siwezi kueleza gereji bila kueleza nyumba, na siwezi kueleza nyumba bila kueleza mji, na sasa ndiyo haya. Niseme mapema: nilianza nikiwa wakili wa baba.

Eastlands haikujengwa ikitarajia magari ya wenyeji wake. Tembea Kaloleni leo, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Nyumba ni za mawe, nzuri enyewe, zina nyasi na miti katikati, lakini pakingi utatafuta. Aliyechora hakuwaza Mwafrika mwenye gari. Mpango mkuu wa mji wa 1948 nao ulikata Nairobi vipande: hapa watu walale, pale viwanda, kule ofisi. Kazi ilikuwa kitu unachokiendea asubuhi na kurudi jioni. Hiyo fikra haikuondoka na Waingereza. Iko kwenye sheria zetu za ardhi mpaka leo: ploti ya kulala ni ya kulala, na ukitaka kuibadilisha matumizi unaomba ruhusa, unatangaza, majirani wanapewa nafasi ya kupinga.

Buruburu ilikuja baada ya uhuru na ilikuwa kitu kingine. Ilijengwa kwa awamu 5, kuanzia mapema miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1980, kwa fedha za shirika la Uingereza la CDC, na wanunuzi wakapewa mikopo ya nyumba. Wasanifu walikuwa Mutiso Menezes. Vigae vyekundu, barabara za kupinda zinazoishia kwenye viwanja vidogo, ua mbele na ua nyuma. Ilikuwa nyumba ya watu wa peislipu: makarani, walimu, maafisa wa serikali. Mtu wa aina hiyo angenunua gari siku moja, kwa hivyo aliachiwa nafasi ya kuliweka. Moja tu, kando ya mlango.

Shangazi alinunua yake mwaka wa 1979. Alikuwa karani wa benki, miaka 28, hajaolewa, mkopo wa miaka 18. Nitarudi hapo.

Sasa upande wa spana. Ufundi wa magari Kenya una mizizi mingi, na mmoja mkubwa ni reli. Mafundi wa Kihindi, wengi wao Masingasinga kutoka Punjab, walikuja na reli, na baadaye baadhi wakafungua karakana zao katika miji midogo kando ya njia. Joginder Singh, yule aliyeshinda Safari Rally mara 3, alizaliwa Kericho na alianza kushika spana kwenye gereji ya babake. Ushindi wake wa kwanza, 1965, aliupata na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokuwa imeshatumika. Mitumba, yaani. Hiyo inanipendeza sana.

Waafrika kwenye karakana kama hizo walikuwa spana boi: lete namba kumi na saba, shika taa, nyamaza. Walijifunza kwa macho. Wengine walipata ufundi jeshini wakati wa Vita vya Pili, maana jeshi lilihitaji madereva na makanika. Baada ya uhuru kukawa na mitihani ya ufundi ya serikali, gredi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Babangu alifika gredi ya kwanza. Cheti bado kiko ukutani, kimefunikwa na nailoni, kimeingia oili hata hivyo.

Kitabu chochote cha historia ya uchumi wetu kitakuambia habari za mwaka wa 1972. Shirika la Kazi Duniani lilileta wataalamu, wakiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, kuchunguza ukosefu wa ajira Kenya. Ripoti yao ndiyo iliyoyapa nguvu maneno "sekta isiyo rasmi" katika sera za dunia. Walisema kwa ufupi kwamba hawa watu mnaowafukuza barabarani wanazalisha, wanafunza vijana bila senti ya serikali, waacheni wafanye kazi. Ilichukua miaka. Mwaka wa 1985 Rais Moi alienda Kamukunji, akawakuta mafundi wa mabati wakigonga juani, akaahidi vibanda. Vibanda vikajengwa. Kukaja karatasi ya sera ya 1986, nyingine ya 1992 yenye neno Jua Kali kwenye jina lake kabisa. Watu waliokuwa wakikimbizwa sasa walikuwa na wizara ya kuwasemea.

Lakini ukisoma hizo habari unaona picha moja tu: mwanamume, nyundo, mabati, ardhi ya umma, jua. Gereji ya nyumbani haimo. Sisi hatukuwa kwenye ramani ya mji, kwa sababu ploti yetu ilikuwa ya kulala. Hatukuwa jua kali pia, manake tulikuwa na kivuli. Na hicho kivuli kilikuwa na mwenyewe.

Halafu ikafika 1993.

Mambo mawili yalitokea karibu wakati mmoja, na mimi naamini nusu ya gereji za nyumbani pale Eastlands ni watoto wa hayo mawili. La kwanza, serikali iliondoa leseni za uagizaji na kulegeza masharti ya fedha za kigeni. Kabla ya hapo gari jipya lilikuwa la kuunganishwa hapa, Thika au Mombasa au Nairobi, na mtu wa kawaida alilitazama tu likipita. Baada ya hapo mitumba ya Japani ikaanza kumwagika bandarini. Mwalimu akanunua Corolla. Muuguzi akanunua Sunny. La pili, chini ya masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, serikali ilianza kupunguza wafanyakazi wake, na walioanza kuguswa ni wa ngazi za chini: madereva, wahudumu, mafundi. Mpango uliitwa kustaafu mapema kwa hiari.

Babangu alikuwa makanika kwenye karakana ya idara moja. Alikuwa na miaka 36. Anasema hiari yenyewe ilikuwa hivi: mkubwa wake alimwambia ukikataa sasa na pesa, utatolewa baadaye bila pesa. Akatia sahihi.

Yaani kwa mkono mmoja serikali ilimtoa fundi wake karakanani, na kwa mkono wa pili ikafungulia mlango magari yanayohitaji fundi. Kilichokosekana katikati kilikuwa mahali.

Mahali palikuwepo. Shangazi alikuwa amehamishwa Nakuru 1991 na akamwomba ndugu yake akae kwenye nyumba aiangalie. Kuangalia nyumba, hayo ndiyo yalikuwa maagano.

Kugeuza pakingi kuwa gereji si kuweka kibao. Baba aliniambia yote upya mwezi wa pili, tumekaa kwenye taili kuukuu, na sijawahi kumwona akifurahia kuongea hivyo. Kwanza sakafu. Saruji ya pakingi imemwagwa ili gari lisimame juu ya magurudumu 4. Ukiliinua kwa jeki, uzito wote unaingia mahali padogo kama sahani, na sakafu inapasuka. Kwa hivyo unaweka ubao mnene chini ya jeki, na huingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata dakika moja. Pili injini. Mbao za paa la pakingi zilishika mabati tu. Injini ya Corolla inazidi kilo mia. Akaunganisha mabomba matatu ya chuma kama mafiga yaliyosimama, mnyororo juu, injini katikati. Tatu moshi. Ukifunga mlango kwa sababu ya mvua na injini inanguruma, utalala na hutaamka. Ndiyo maana gereji yetu haijawahi kuwa na ukuta wa mbele, na ndiyo maana Julai tulikuwa tukitetemeka.

Halafu shimo.

Alilichimba Pasaka ya 1994, yeye na vibarua wawili, kwa sababu jirani wa kushoto alikuwa ameenda ushago. Shimo zuri ni jembamba kuliko upana wa kati ya matairi, refu kidogo kuliko gari, na kina chake kinafika kifuani ili mikono ifanye kazi bila shingo kukatika. Alipima kwa mwili wake. Lakini Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi wa pamba. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unajikunja na kupasuka, na kila fundi wa mjengo anajua huwezi kuuamini. Mwaka uliofuata, kuta za shimo ziliingia ndani. Akalijenga upya kwa mawe na nondo. Ufa mmoja ulikuwa umeshapita chini ya mlango na kupanda ukuta wa sebule. Uko mpaka leo. Nikiwa mdogo nilidhani kila nyumba huwa na ufa, kama vile kila nyumba huwa na swichi.

Kitu kingine kuhusu shimo ambacho watu hawajui: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi, unashuka. Ukimwaga petroli karibu na shimo, shimo linajaa kitu usichokiona. Mwaka wa 2006 kijana mmoja wetu alishuka na taa yenye waya uliochubuka. Aliungua nyusi na mkono. Alipona, alhamdulillahi, na sasa ana gereji yake Kayole, lakini mama alikataa kupika kwa siku mbili. Alikuwa ndani na mtoto mdogo, mita 3 kutoka hapo.

Nyaraka zangu kuu katika utafiti huu ni madaftari ya shule ya baba. Yako 41. Kila ukurasa una tarehe, gari, kazi, spea, pesa. Sijui kama kuna mtu amewahi kuandika historia ya magari ya Nairobi kutoka kwenye vitu kama hivi, lakini angefaa. Daftari la kwanza ni Peugeot 504, Datsun, Volkswagen kobe. Kazi ni kabureta, plagi, pointi, kabureta tena. Likifika la sita au la saba, Toyota zimejaa. Kabureta zinapungua, neno "sensa" linaanza kuonekana, mara ya kwanza likiwa na alama ya kuuliza pembeni. Unaona mwanamume wa miaka 40 akianza shule upya, peke yake, kwa maandishi madogo. Ilipowekwa sheria kwamba gari la mitumba lisizidi miaka 8 tangu litengenezwe, kompyuta za magari zikazidi kuingia, na sensa zikaacha kuwa na alama ya kuuliza.

Hapo ndipo mimi naingia. Nilijiunga na chuo kikuu 2016, uhandisi wa mitambo. Baba alitaka mhandisi, si makanika, na alisema tofauti ni kwamba mhandisi haoshi mikono kwa vumbi la mbao. Muhula wa pili nilichukua sehemu ya pesa ya HELB nikamnunulia mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ilikuwa ndogo, ya bei rahisi, ya kuunganisha na simu. Ilitulipa mara nyingi. Karo nayo haikunisubiri. Mwaka wa tatu nikatoka na deni na bila cheti, na siku niliporudi nyumbani baba alinipa ovaroli bila kusema neno. Niliivaa miezi 7. Sina mkono wa hiyo kazi. Najua kwa nini gari linakataa kuwaka, lakini nati zinanikatalia.

Basi nikawa na madaftari 41 na nia ya kumshinda shangazi. Nilipanga kuonyesha ni magari mangapi, ni vijana wangapi wamefunzwa hapo, ni karo ya nani ililipwa. Dada yangu alimaliza uuguzi kwa hiyo gereji. Nilikuwa na hoja. Halafu nikaanza kuorodhesha gharama. Stima, ipo. Leseni ya biashara ya kila mwaka, ipo. (Hii leseni, kwa wanaofikiria kufungua kitu nyumbani, inapokea pesa yako tu, haibadilishi matumizi ya ardhi. Baba alijua na akaamua kutojua.) Chai ya vijana, ipo. Sabuni. Spana iliyoibwa. Nikatafuta neno "kodi". Nikarudia kutoka daftari la kwanza. Halipo popote.

Nikamuuliza mama. Alikuwa anaanua nguo kwenye ua wa nyuma, kwa sababu za mbele zilikuwa zikinuka dizeli tangu 1994.

"Kodi ya nani?" akasema. "Hii ni ya dada yake."

Nikapiga hesabu ambayo sikutaka kuipiga. Mkopo wa miaka 18 kutoka 1979 unaisha 1997. Baba alipochimba shimo, shangazi alikuwa bado analipa. Kila mwezi, mshahara wa karani Nakuru ulikatwa kwa ajili ya nyumba ya Buruburu ambayo angeweza kuikodisha kwa familia yoyote ikajilipia yenyewe. Hakuikodisha. Alikuwa pia analipa kodi ya alikoishi.

Tangu siku hiyo siwezi kusoma hadithi za gereji vile nilivyozisoma. Chuoni kila mzungumzaji wa kututia moyo alitupa zile za Marekani. Henry Ford, Detroit, 1896: gari lake la kwanza limekamilika kwenye kibanda nyuma ya nyumba, mlango ni mwembamba, anachukua shoka anabomoa matofali. Tunapigiwa makofi hapo. Ukuta ulikuwa wa mwenye nyumba. Ford alikuwa mpangaji. Gereji ya Hewlett na Packard kule Palo Alto, ambayo sasa ni jengo la kumbukumbu: nyumba ya kupanga pia, na Lucile, mke wa Packard, alikuwa ameajiriwa Stanford wakati wanaume wakiuza mashine zao za kwanza. Hata ripoti ya 1972 ilisema jua kali hufanya kazi kwa mtaji mdogo. Mtaji wa baba ulikuwa jeki, spana na mnyororo, ndivyo alivyoniambia, na ndivyo nilivyokuwa nimeandika kwenye barua, ukurasa wa kwanza. Nikaufuta.

Sikumwambia baba. Nilimwambia shangazi aje aone mwenyewe.

Alikuja Jumamosi ya pili ya Machi, na mkongojo, na mfuko wa viazi vya Nakuru. Hakusimama kwenye gereji. Alienda moja kwa moja sebuleni akaweka kidole kwenye ufa, akaufuata kutoka sakafuni mpaka ulipomshinda urefu. Mama akaleta chai. Baba alikuwa ameoga na kuvaa koti, kama mtu anayeenda kanisani ama kortini.

"Dada," akasema, "najua."

"Unajua nini?" shangazi akamuuliza. "Mimi sikununua gereji. Nilinunua nyumba."

Baba alinyamaza. Nikaleta madaftari, kwa sababu sikujua cha kufanya na mikono yangu. Shangazi alikuwa karani kwa miaka 30. Ukimpa safu za tarakimu hawezi kutozisoma. Alivaa miwani akaanza la kwanza. Alisoma kama saa nzima. Nje, kijana alikuja mara mbili kuuliza mambo ya gasketi na baba hakutoka. Tulisikia Probox ikikataa kuwaka, ikakubali, ikazimwa.

Kwenye daftari la tano shangazi alisimama. Desemba 1996, Datsun 120Y, klachi na breki za nyuma. Gari lilikuwa lake. Alikuwa amekuja Krismasi. Kwenye safu ya pesa kulikuwa na mstari tu.

"Na hii?" akauliza.

"Hiyo sikukulipisha," baba akasema.

"Sikuomba bure."

"Najua hukuomba."

Aliliangalia koti la baba, halafu mikono yake, halafu mimi.

"Wewe," akaniambia, "una kikokotoo kwenye hiyo simu? Na mniletee kalamu. Tuanze 1994, mwezi kwa mwezi, na hii klachi muiandike upande wangu."